Gunia moja la makala na dola 5 kwa tani: hesabu ya hewa chafu inafika Marabo

MARABO, teritwari ya Irumu. – Kwenye mikutano mikubwa ya dunia, hewa ya kaboni inapimwa kwa tani na inalipwa kwa dola. Huku Marabo, kando ya barabara ya taifa namba 27, karibu kilometa 40 kutoka Bunia kwenye njia ya Komanda, hewa hiyo hiyo inapimwa kwa gunia, kwa ndoo, na kwa fungu dogo la makala lililotandazwa chini kwenye kipande cha mufuko. Wanaoandika bei ya tani hawajui bei ya fungu. Mama anayenunua fungu naye hajawahi kuambiwa bei ya tani. Lakini wote wanazungumza juu ya mti ule ule.

Hili si jambo la mbali. Mwezi wa 11 mwaka 2021, kule Glasgow, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi pamoja na Boris Johnson, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, mapatano ya dola milioni 500 za kulinda misitu ya Kongo. Johnson alisimama kwa niaba ya CAFI, muungano wa nchi tajiri zinazotoa pesa kwa ajili ya misitu ya Afrika ya Kati. Kabla ya hapo, tangu 2016, kulikuwa na mapatano mengine na CAFI, na Ituri iliwekwa pamoja na Tshopo na Bas-Uélé kwenye programu moja ya kupunguza ukataji wa misitu. Pia serikali ya Kongo imeahidi kwamba kufikia 2030 itapunguza hewa chafu kwa asilimia 21 chini ya kiasi ambacho kingetoka bila juhudi yoyote. Kati ya hizo 21, asilimia 19 zinategemea msaada wa kutoka nje.

Kwa hiyo miradi inakuja, na mingine itakuja. Kila mmoja unafika na hesabu yake: tani ngapi zitaokolewa, kwa dola ngapi. Wanauchumi wanaita kazi hiyo tathmini ya siasa ya hewa chafu. Maana yake ni kuweka gharama upande mmoja wa mizani na faida upande wa pili, kisha kuangalia wapi panalemea. Kazi hiyo ni ya lazima, sababu pesa hazitoshi kufanya kila kitu. Lakini mizani inasema tu juu ya vitu vilivyowekwa ndani yake.

Gunia moja lina hewa ngapi?

Hesabu hii mtu anaweza kuifanya kwa kidole kwenye vumbi. Weka kwamba gunia lina kilo 50 za makala. Kwa tanuri la udongo, lile linalofunikwa na majani na kuachwa likiungua polepole kwa siku kadhaa, kilo moja ya makala inakula kati ya kilo 5 na kilo 10 za kuni kavu. Chukua 7. Gunia moja basi limetoka kwenye kilo 350 za kuni.

Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, kwa hiyo ni kilo 175. Kaboni ikiungua inashikana na hewa tunayovuta, na kila kilo moja inakuwa karibu kilo 3.67 za dioksidi ya kaboni. Zidisha: gunia moja ni karibu kilo 640 za hewa hiyo, tangu kwenye tanuri hadi kwenye mbabula. Ni kama sehemu mbili kwa tatu za tani moja.

Hiyo ni pale ambapo mti uliokatwa haurudi. Kama kisiki kinaachwa kichipuke tena, mti mpya unavuta sehemu ya hewa hiyo kuirudisha chini, na hesabu inashuka. Ndiyo maana swali la kwanza la mtathmini mwaminifu si makala mangapi yamechomwa. Ni hili: pale yalipotoka, kumebaki nini? Shamba? Kichaka kinachoota tena? Au udongo mtupu?

Bei mbili za tani moja

Mwaka 2018 Kongo ilitia sahihi na Benki ya Dunia mkataba wa jimbo la Mai-Ndombe: tani milioni 11 za hewa chafu kwa dola milioni 55. Yaani dola 5 kwa kila tani iliyozuiwa. Kwa bei hiyo, kuacha kuchoma gunia moja la makala kuna thamani ya dola 3 na senti kidogo.

Sasa angalia upande wa pili wa mizani. Wanauchumi wanajaribu pia kupima hasara ambayo tani moja inaleta duniani: mavuno yanayokauka, mafuriko, magonjwa, nyumba zinazobomoka. Marekani, ofisi ya serikali inayosimamia mazingira ilikadiria mwaka 2023 kwamba hasara hiyo ni karibu dola 190 kwa tani. Kwa bei hiyo, gunia lile lile linakuwa na thamani ya dola 122 hivi.

Gunia ni moja na moshi ni ule ule. Upande wa anayelipwa ili aache, bei ni dola 3. Upande wa anayeogopa hasara, bei ni dola 122. Mtu akija kijijini na kusema kulinda msitu wa Kongo ni moja ya njia nafuu za kupunguza hewa chafu duniani, anasema kweli. Lakini msikilizaji ana haki ya kuuliza unafuu huo unatoka wapi. Sehemu moja unatoka kwenye ukubwa wa msitu. Sehemu nyingine unatoka kwenye umasikini wa mtu anayeombwa aache. Siku yake ya kazi ina bei ya chini, kwa hiyo na kuacha kwake kunanunuliwa kwa bei ya chini.

Kukataza: rahisi kwenye karatasi

Siasa ya kwanza inayokuja kichwani mwa wakubwa ni kukataza makala. Kwenye karatasi haina gharama: tangazo moja, sahihi moja, na askari wachache barabarani. Majirani wameshaijaribu.

Kenya ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya serikali mwezi wa 2 mwaka 2018. Zuio lilikuwa la muda mfupi, kisha likaongezwa mara na mara hadi 2023. Bei ya makala ilipanda mijini, na makala yakaanza kuingia zaidi kutoka Uganda. Uganda nayo, mwezi wa 5 mwaka 2023, Rais Museveni akakataza biashara ya makala kaskazini ya nchi. Kila mlango ukifungwa, tanuri linahamia nyuma ya mlango wa jirani. Wataalamu wanaita hivyo uvujaji: tani inafutwa kwenye daftari la huku na inaandikwa kimya kimya kwenye daftari la kule. Mtathmini asiyeangalia ng'ambo ya mpaka anahesabu faida ambayo haipo.

Na kuna gharama ambayo haiandikwi popote. Bei ikipanda, hatoi wa Glasgow. Anatoa mama wa Marabo.

Angalia namna familia iliyokimbia inavyonunua. Familia yenye nyumba yake na kazi yake inanunua gunia zima, inaliweka pembeni, inatumia mwezi mzima. Familia inayoishi kwenye kibanda cha hema, au imepokelewa na ndugu kwenye chumba kimoja, haina pesa ya gunia na haina mahali pa kuliweka. Inanunua fungu, leo kwa leo. Na kilo ya kwenye fungu daima ni ghali kuliko kilo ya kwenye gunia.

– Yaya, hii fungu imepungua.

– Haijapungua, mama. Ni ile ya jana.

– Ya jana ilikuwa na makala kubwa tano. Leo ni vumbi.

– Gunia imepanda kule njiani. Nifanye nini? Chukua, nakuongezea hii moja.

Anachukua. Jioni maharagi hayaivi vizuri, sababu moto umekwisha mapema. Wengine wanaacha maharagi kabisa, wanapika sombe kidogo tu. Wengine wanatuma binti au wanakwenda wenyewe porini kutafuta kuni, pale ambapo watu wenye silaha wanapita. Mwanamke akikutana na shida huko, hakuna ripoti ya hewa chafu itakayomwandika. Lakini ni gharama ya siasa ile ile. Imelipwa, tena kwa thamani kubwa kuliko dola 5.

Barabarani pia kuna jambo la kutazama. Kwenye uchumi, njia moja inayosifiwa sana ya kupunguza hewa chafu ni kodi ya kaboni: anayechoma analipa zaidi, anaanza kutafuta njia nyingine. Sweden ilianza kodi hiyo mwaka 1991, na uchumi wake uliendelea kukua huku hewa chafu ikipungua. Kwenye barabara za Ituri, gunia la makala pia linalipiwa mara nyingi kabla ya kufika sokoni, kizuizi kwa kizuizi. Kwa mnunuzi inafanana na kodi, sababu bei inapanda vilevile. Tofauti ni mbili. Kule Sweden pesa inaingia kwenye hazina inayojulikana, na raia ana njia nyingine ya kupasha nyumba na kupika. Huku pesa ya kizuizi haipandi mti hata mmoja, na mama hana njia nyingine. Bei kupanda peke yake haipunguzi moshi. Inapunguza chakula.

Jiko bora: faida ya kweli, hesabu ya kuchunga

Siasa ya pili ni jiko linalokula makala kidogo. Hapa hesabu inafurahisha. Weka kwamba nyumba moja inatumia gunia 1 kwa mwezi, na jiko bora linaokoa sehemu moja kwa tatu. Kwa mwaka ni magunia 4 yanayobaki, yaani karibu tani 2.6 za hewa. Kama jiko linagharimu dola 10 na linadumu miaka 2, ni tani 5 na kidogo. Gharama yake haifiki dola 2 kwa tani. Tena familia imebaki na bei ya magunia 8 mfukoni. Siasa chache duniani zinampa faida anayelipa na anayelipwa pamoja.

Mfano wake uko karibu. Jiko la udongo na bati linaloitwa jiko la Kenya lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na limeenea Afrika Mashariki sababu mafundi wa mitaani wanaweza kulitengeneza na mama anaona tofauti kwenye mfuko wake wiki ya kwanza.

Lakini kuna mahali pa kuchunga. Makampuni yanagawa majiko kwa bei ndogo au bure, kisha yanauza tani zilizookolewa kwa makampuni ya nje kama kredi za kaboni. Mwanzoni mwa 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa uchunguzi juu ya miradi hiyo. Waliona kwamba tani zilizouzwa zilizidi zile za kweli kwa karibu mara 9. Sababu zinaeleweka kwa mtu yeyote anayepika: jiko jipya linatumika siku nyingine tu, la zamani linabaki pembeni likifanya kazi, jiko linapasuka na hakuna anayerudi kuuliza, na kuni zinahesabiwa kama vile kila mti uliokatwa haukurudi kamwe.

Rudia hesabu ya juu kwa kugawa tani kwa 9. Gharama inapanda kutoka dola 2 hadi karibu dola 18 kwa tani. Bado ni chini sana ya hasara ya dola 190. Yaani hata kwa hesabu kali, jiko bora linafaa. Ubaya hauko kwenye jiko. Uko kwa anayeuza tani 9 mahali ambapo iko moja, na mnunuzi wa ng'ambo anaendelea kuchafua hewa kwa amani ya roho.

Misitu nayo imepata uchunguzi wa namna hiyo. Mwaka 2023, gazeti la sayansi linaloitwa Science lilichapisha kazi juu ya miradi 26 ya kulinda misitu katika nchi 6, Kongo na Tanzania zikiwemo. Miradi mingi haikuonekana kupunguza ukataji kwa kiasi kikubwa. Shida kubwa ilikuwa swali moja: bila mradi, miti mingapi ingekatwa? Ukijibu kwa kuongeza chumvi, unaweza kudai umeokoa msitu ambao hakuna mtu alikuwa amekwenda kuukata.

Kupanda miti, na bei ya kesho

Siasa ya tatu ni kupanda miti ya makala ili msitu wa asili upumue. Kivu ya Kaskazini, shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala: wakulima wanapanda miti kwenye mashamba yao kuzunguka mbuga ya Virunga, wanakata yao na kuuza. Wazo ni zuri na linajulikana hata huku. Kalitusi inaota haraka. Kwa miaka 5 hadi 7 inaweza kukatwa, na kisiki kinachipua tena.

Hapa ndipo hesabu ya wanauchumi inagusa maisha ya mtu aliyekimbia, kwa namna ambayo wengi hawajaifikiri.

Kwenye tathmini yoyote ya hewa chafu kuna namba moja ndogo inayoamua karibu kila kitu: ni kiasi gani dola ya kesho inapunguzwa thamani ikilinganishwa na dola ya leo. Mwingereza Nicholas Stern, kwenye ripoti yake ya 2006, alitumia kiwango kidogo, asilimia 1.4 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, hasara ya dola 100 itakayotokea baada ya miaka 50 ina uzito wa dola 50 leo. Mmarekani William Nordhaus, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi ya uchumi wa hali ya hewa, alitumia kiwango cha juu zaidi. Kwa asilimia 4, dola 100 zile zile zinabaki 14 tu. Kwa hiyo Stern alisema dunia itumie pesa nyingi haraka, na Nordhaus alisema iende polepole zaidi. Wasomi hawa wawili hawakugombana sana juu ya moshi. Waligombana juu ya bei ya kesho.

Sasa uliza bei ya kesho Marabo. Baba aliyeacha shamba lake kwa mbio usiku, akafika na watoto na sufuria moja, akarudi baada ya miezi, akakimbia tena: mwambie apande kalitusi atakayoikata baada ya miaka 7. Anajua kupanda kuliko yule anayemfundisha. Lakini ardhi anayokaa si yake. Ameazimwa na mwenyeji. Na shamba lake la nyumbani, hajui nani atalala pale mwaka ujao. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, na bado kuna vijiji ambavyo watu hawajarudi kulala. Kwa mtu huyo, dola 30 za baada ya miaka 7 zinaweza kuwa na uzito mdogo kuliko dola 1 ya leo jioni. Asilimia 1.4 haimhusu, na hata asilimia 4 haimhusu. Vita ndiyo inayomwekea kiwango chake.

Watu wengine wanaita hiyo ujinga wa raia, eti hawajali mazingira. Si kweli. Mtu yule yule, alipokuwa kwake na usalama, alipanda kahawa au kakao, miti inayongojewa miaka. Kilichobadilika ni uhakika wa kesho; moyo wake ni ule ule.

Mwenyeji wa Marabo naye yuko kwenye mizani hiyo. Amepokea watu, amewapa sehemu ya uwanja, na kichaka alichokiacha kipumzike kinakatwa ili watu wapike. Anakasirika, na ana haki. Aliyekimbia anakata akiwa na haya, na hana jinsi. Kati yao wawili kunaweza kuzaliwa ugomvi juu ya mti ambao kwenye ripoti ya Glasgow haufiki hata tani moja.

Kwa hiyo usalama wa shamba na karatasi ya ardhi lazima viingie kwenye hesabu ya hewa chafu. Si kwamba amani inapunguza moshi yenyewe. Watu wakirudi makwao watafyeka mashamba upya, na moshi utaonekana miezi ile ya kwanza. Lakini bila amani, kila mradi wa miti unapandwa kwenye mchanga. Rutshuru, mbuga ya Virunga ilifungua mwaka 2015 mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, wenye megawati 13, ili watu wapate umeme na kazi na kupunguza haja ya makala ya mbuga. Ni moja ya miradi mizuri ya mashariki ya Kongo. Mwaka 2022 vita vya M23 vikafika Rutshuru. Mtathmini aliyeandika faida ya miaka 30 bila kuandika vita, aliandika nusu ya hesabu.

Ituri pia ina mto Shari, na mtambo wa Budana uliojengwa wakati wa Wabeleji kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto. Umeme wa maji unawezekana huku. Lakini kupika kwa umeme kunataka waya ufike, na pesa ya jiko la umeme, na bei ya kila mwezi isiyomshinda mama. Hadi siku hiyo, makala ni umeme wa masikini.

Moshi wa nani?

Ili mizani isidanganye, lazima pia kujua nani amesimama wapi. Ukihesabu mafuta, makaa ya mawe na gesi, Mkongomani mmoja anatoa chini ya kilo 100 za dioksidi ya kaboni kwa mwaka. Mmarekani anatoa karibu tani 14, yaani zaidi ya mara 140. Hewa chafu kubwa ya Kongo inatoka kwenye misitu: karibu hekta nusu milioni za msitu wa asili zinapotea kila mwaka, nyingi kwa mashamba madogo na makala. Hiyo ni hasara ya kweli, na wa kwanza kuumia ni wenyeji wenyewe, kwa mvua isiyojulikana majira yake na chemchemi zinazokauka.

Na kuna maamuzi makubwa kuliko magunia yote ya Irumu. Mwezi wa 7 mwaka 2022, Kinshasa ilitangaza kuuza maeneo 27 ya mafuta, mengine yakiwa upande wa Ziwa Albert. Mwezi wa 10 mwaka 2024 serikali ikafuta mnada huo. Tangazo moja la namna hiyo, kwa upande mmoja au mwingine, linaweza kubeba tani nyingi kuliko wauza makala wote wa barabara namba 27. Hakuna aliyewekewa kizuizi barabarani kwa ajili yake.

Maswali ya kuuliza siku mradi unafika

Chifu wa kijiji, wakubwa wa kambi, vikundi vya akina mama na vijana wa mashirika ya raia hawahitaji kusoma uchumi chuoni ili kupima mradi. Maswali machache yanatosha, na yaulizwe mbele ya watu wote, kabla ya kutia sahihi.

Moja: bila mradi huu, miti mingapi ingekatwa hapa, na nani alihesabu?

Mbili: makala yakikatazwa hapa, yatatoka wapi, na watu watapika na nini wiki hiyo ya kwanza?

Tatu: tani zinauzwa kwa nani, kwa dola ngapi, na katika kila dola 5 ni ngapi zinafika kwa mwenye mti na kwa mwenye jiko?

Nne: aliyekimbia ana nafasi gani? Kama faida inapewa mwenye ardhi peke yake, asiye na ardhi atabaki na katazo tu.

Tano: vita vikirudi na watu wakikimbia, nani anabeba hasara? Kama mkataba unasema mkulima atalipa kwa miti iliyochomwa akiwa mbioni, basi asitie sahihi.

Sita: malipo yanaanza lini? Kwa mtu asiye na uhakika wa kesho, pesa kidogo ya kila mwezi kwa kutunza miche ina nguvu kuliko ahadi kubwa ya mwaka wa 7.

Mradi unaojibu maswali hayo sita kwa uwazi utakuwa na bei ya juu kidogo kwa tani. Hautaonekana nafuu kama ile ya dola 5. Wafadhili wengine watasema ni ghali. Ukweli ni kwamba ile nyingine haikuwa nafuu. Sehemu ya bei yake ilikuwa inalipwa Marabo, kwa maharagi yasiyoiva na kwa safari za porini. Haikuandikwa tu.